Wenzangu wa Jarida na Wanawake Tuliowaandika

Jarida letu lilitoka kila mwezi, na karibu kila toleo lilibeba jaladani picha ya mwanamke mmoja ambaye tuliona kazi yake inastahili kusomwa kwa makini na watu ambao pengine wasingekutana naye maishani. Liliishi muda mrefu kuliko wengi walivyolitabiria, kisha likafa kwa sababu zile zile zilizoyaua majarida mengi ya karatasi: watangazaji walihamia kwenye intaneti, gharama za karatasi na uchapaji zikapanda, na wasomaji wakazoea kusoma bila kulipa. Juu ya kifo hicho sina mengi ya kusema. Ninachotaka kukieleza ni watu nilioketi nao katika chumba kile cha habari na jinsi walivyowatazama wanawake waliowaandika, kwa kuwa nimekuja kuamini kwamba heshima ya kweli kwa mtu unayemwandika hupimwa kwa jitihada uliyoifanya kuielewa kazi yake.

Mhariri wetu tulimwita Dada, sote, hata wale waliomzidi umri. Ukimpelekea rasimu, aliisoma mara ya kwanza bila kushika chochote mkononi, kisha akairudia polepole, na ni katika mara hiyo ya pili ambapo penseli yake ilianza kufuta. Kilichofutwa kwanza kilikuwa sifa. Hodari, jasiri, shupavu, mama wa mfano, yote hayo yaliondoka, na pembeni mwa ukurasa yakabaki maswali mafupi kwa mwandiko wake mdogo uliolala: Anafanyaje? Alifundishwa na nani? Nani alimlipa? Siku kazi ilipogoma, alifanya nini? Siku moja aliniambia, kwa upole wa mtu anayemwelekeza ndugu yake, "Mdogo wangu, msomaji akishajua huyu mama anafanya nini na ugumu wa kazi yake uko wapi, atamsifu mwenyewe. Wewe usimtangulie."

Nakumbuka alivyoishughulikia makala ya mwenzetu mmoja kuhusu Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya aliyeongoza wanawake kupanda miti. Ilikuwa mwishoni mwa 2004, mwaka ambao Maathai alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata, na vyombo vya habari vya kila bara vilikuwa vikiandika habari zake. Rasimu ya mwenzetu ilianzia kwenye tuzo na kuishia kwenye tuzo. Dada aliirudisha ikiwa na swali moja tu: mbegu zilitoka wapi?

Mwenzetu alirudi kwenye hotuba na maandishi ya Maathai mwenyewe, akaona kwamba jibu la swali hilo ndilo lililokuwa makala yenyewe. Harakati ya Green Belt, aliyoianzisha Maathai, ilianza 1977 kwa kupandwa miche saba tu jijini Nairobi. Maofisa wa misitu walipoombwa kuwafundisha wanawake wa vijijini, walitoa maelezo ya kitaalamu mno, yasiyowasaidia watu ambao wengi wao hawakuwa wamesoma. Wanawake wakaamua kutegemea ujuzi waliokuwa nao tangu utotoni, ujuzi wa mkulima anayeijua mbegu yake. Walikusanya mbegu za miti ya maeneo yao, wakaziotesha hata kwenye vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu ambako kuku na mifugo hawakuvifikia, na kwa kila mche uliopandwa ukashika mizizi walilipwa kiasi kidogo cha fedha. Maathai aliwaita wataalamu wa misitu wasio na stashahada. Makala ilipotoka, ilianzia kwenye vyungu hivyo, ikapita 1989 alipopinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru hadi mradi ule ukaachwa, na ikaifikia Nobel katika aya za mwisho. Msomaji alipofika hapo alikuwa tayari anajua kwa nini tuzo ile ilitolewa, na hakuhitaji kuambiwa kwamba mama huyu alikuwa jasiri. Nimesoma makala nyingi kuhusu Maathai tangu wakati huo, na bado naiona ile ya mwenzetu kuwa miongoni mwa zilizomtendea haki zaidi, kwa sababu haikumtenga na wale wanawake wengine waliopanda pamoja naye.

Mhakiki wetu alikuwa mwalimu mstaafu, na hivyo ndivyo tulivyomwita, Mwalimu, bila jina. Meza yake ilikuwa dirishani, imejaa kamusi, ramani, vitabu vya takwimu na magazeti ya zamani aliyoyafunga kwa kamba kulingana na mwaka. Hakuna prufu, yaani nakala ya kusahihishia, iliyokwenda kiwandani kabla hajaweka alama ndogo ya penseli juu ya kila tarehe, kila jina na kila tarakimu, kuonyesha kwamba ameithibitisha. Vijana waliona kazi yake kuwa ya kuchelewesha. Mimi niliiona hivyo pia kwa muda mfupi, mpaka Oktoba 2001, Catherine Ndereba aliposhinda mbio za marathoni za Chicago kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47.

Hiyo ilikuwa rekodi ya dunia, na mwandishi wetu wa michezo, aliyejawa na furaha kama sote, aliandika kwamba Ndereba ndiye mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 20. Mwalimu alimwita, akamvutia kiti, akamwonyesha gazeti la wiki iliyotangulia. Naoko Takahashi wa Japani alikuwa amekimbia Berlin tarehe 30 Septemba kwa saa 2, dakika 19 na sekunde 46, na yeye ndiye aliyeupita mpaka ule kwanza. Kijana alinyong'onyea, akidhani habari yake imepoteza uzito. Mwalimu akamwambia, "Mwanangu, hebu itazame vizuri. Mpaka ambao hakuna mwanamke aliyewahi kuuvuka ulivukwa, na siku saba baadaye akaja mwingine akaupunguza kwa sekunde 59. Kwa nini unataka kumwondoa mmoja ili mwingine apendeze?" Makala ilichapishwa ikiwa na wanawake wawili, bingwa wa Berlin na bingwa wa Chicago, na ikaeleza jinsi Ndereba alivyogawa nguvu zake hadi kilomita za mwisho. Ilikuwa bora mara nyingi kuliko ile ya awali. Swali lile la Mwalimu limenisaidia katika kila makala niliyoiandika baadaye kuhusu mtu aliyekuwa wa kwanza kufanya jambo fulani, kwani mara nyingi nyuma yake, au pembeni yake, yupo mwanamke mwingine ambaye mwandishi amemfuta ili hadithi iwe nyepesi.

Mwalimu ndiye pia aliyetulazimisha, sote, kusoma wasifu wa mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert. Alisema mwandishi wa Kiswahili anayetaka kumwandika mwanamke hana sababu ya kutafuta mfano mbali. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na 1880, katika familia ya wakulima na wafinyanzi, na alitembeza vyungu akiviuza kabla ya kujulikana kwa sauti yake. Mjini alidhihakiwa kwa sura yake na kwa asili yake ya shamba, naye akajibu kwa wimbo kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wanamuziki wenzake kurekodi santuri kwa Kiswahili, na santuri hizo zikasikilizwa kote pwani na bara. Nyimbo zake zilibeba pia habari za mitaani na za mahakamani, zikiwafikia watu ambao hawakusoma magazeti. Shaaban Robert, ambaye wakati ule alikwishajulikana kuwa bingwa wa lugha, aliona inafaa kwenda kuzungumza na mwimbaji huyo katika siku zake za mwisho na kuyaandika maisha yake kwa nathari ile ile ya heshima aliyoitumia kwa mambo makubwa. Mwalimu alitaka tuone jambo hilo: kwamba mwandishi mkubwa alikwenda kwa mwimbaji kusikiliza. Siti alifariki 1950, na kama mahojiano yale yangeahirishwa kidogo tu, mengi tunayoyajua juu yake yangekwenda naye.

Makala iliyotugawa zaidi chumbani ilikuwa ya Bibi Titi Mohamed. Alifariki Novemba 2000, na tuliamua kumwandikia makala ndefu. Sehemu ya kwanza haikuwa na ubishi. Alikuwa mwimbaji wa ngoma jijini Dar es Salaam kabla ya kuingia TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, katikati ya miaka ya 1950, na alipotakiwa kuwaunganisha wanawake na chama alikwenda moja kwa moja kwenye vikundi vya ngoma, kwa sababu wanawake walikuwa wamekwisha kujipanga humo kwa uongozi wao, michango yao na mitandao yao ya kuitana. Dada alilipenda sana jibu hilo kwa swali lake la "alifanyaje", maana lilionyesha kwamba umati uliojaza viwanja haukutokea hewani.

Ubishi ulikuja tulipofika 1969, mwaka aliokamatwa. Alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na akaachiwa 1972 kwa msamaha wa Rais. Baadhi yetu tulisema marehemu anapaswa kukumbukwa kwa mema, na kwamba toleo la maombolezo halikuwa mahali pa kurejesha kesi. Wengine walitaka sehemu hiyo ipewe mstari mmoja na kupita. Dada alisikiliza mchana kutwa, kisha akasema maneno ambayo nadhani kila aliyekuwapo anayakumbuka: "Tukiiruka miaka ile, tutakuwa tumewaambia wasomaji kwamba ipo aibu, na aibu hiyo ni yake. Iandikeni kama ilivyokuwa, kisha mwandike pia maisha aliyoyajenga baada ya kutoka." Tukafanya hivyo. Tuliandika upweke wake wa miaka iliyofuata, tukaandika jinsi jina lake lilivyorudi kutajwa hadharani kwa heshima, na kwamba moja ya barabara kubwa za Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Barua zilizokuja baada ya toleo lile zilikuwa nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zilitoka kwa watu waliosema kwamba hawakuwahi kusimuliwa habari zake zote kwa pamoja. Hadi leo nikisoma tanzia zinazomgeuza marehemu kuwa malaika, nahisi kwamba amezikwa mara mbili.

Nisiwasahau watu wa picha. Mzee wetu wa kamera alitumia filamu za picha 36, na kwa kuwa kila picha ilikuwa na gharama, alikuwa na subira ambayo sijaiona tena tangu simu zianze kupiga picha mia kwa dakika. Alikataa kabisa mtindo wa kumsimamisha mwanamke mbele ya ukuta, mikono imekunjwa kifuani, akitabasamu. Tulipokwenda kumpiga picha fundi wa kuchomelea vyuma, mama wa makamo aliyekuwa akifundisha wasichana kazi hiyo, Mzee alikaa muda mrefu kamera ikiwa ndani ya mkoba, akiuliza maswali juu ya nondo, umeme na namna cheche zinavyoruka. Mama yule alipoona kwamba mgeni anataka kuelewa, alimpa kipande cha kioo cheusi cha barakoa ya zamani, na Mzee akakishikilia mbele ya lenzi ili apige moto wenyewe bila kudhurika.

Picha zilipochapwa ndogo ndogo kwenye karatasi moja, aliziinamia na kioo chake cha kukuzia, akazizungushia mbili kwa penseli nyekundu. Katika ile iliyokuja kuwa jalada, mama ndiyo kwanza anainua barakoa, mkanda wake umeacha alama kwenye paji la uso, jasho limekusanya vumbi la chuma kwenye kingo za nyusi, na macho yake bado yako kwenye kiungo alichomaliza kukiunga, akikikagua kama kimeshika. Hatazami kamera. Idara ya matangazo iliomba picha nyingine iliyo safi zaidi, ikisema jalada lile halitauza poda wala manukato ya watangazaji wetu. Dada na Mzee hawakukubali. Nilikuwa upande wao siku ile na ningali upande wao sasa: sura ya mtu aliyezama katika kazi anayoimudu ni miongoni mwa sura nzuri kabisa ambazo kamera inaweza kutuonyesha, na majarida ya wanawake yameionyesha kwa nadra mno.

Msanifu kurasa wetu, Kaka, alikuwa mkimya na mwenye hesabu. Kurasa za jarida hupangwa kwa mafungu, na huwezi kuongeza moja tu kwa kuwa makala imenoga. Lakini Kaka hakuwahi kukata maelezo ya kazi ili kupata nafasi ya kichwa kikubwa cha habari. Alipunguza kichwa, akasogeza picha, na mara nyingine akaondoa tangazo letu wenyewe la kuwaomba watu wajiandikishe.

Mapokezi yalikuwa mikononi mwa mama tuliyemwita Shangazi, na ingawa jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye orodha ya wahariri, mchango wake katika ubora wa jarida ulikuwa mkubwa. Ni yeye aliyefungua barua zote, hivyo ni yeye aliyejua kabla yetu makala ipi imemgusa nani. Na ni yeye aliyeanzisha desturi ya kumwita mwanamke tuliyemhoji, hasa yule asiyesoma, na kumsomea maneno yake mwenyewe kabla ya jarida kwenda kiwandani. Najua waandishi wengi hawakubaliani na jambo hilo, nao wana hoja: mwanasiasa ukimwonyesha makala kabla haijatoka atakutaka uifute nusu. Lakini Shangazi hakuwa akizungumzia wanasiasa. Alikuwa akizungumzia watu ambao hawatapata tena nafasi ya kusahihisha, na ambao majirani zao wataamini lolote litakalochapishwa.

Faida ya desturi hiyo niliiona kwa mkunga mmoja wa jadi. Mwandishi wetu alikuwa ameandika kwamba mama huyu aliokoa maisha ya mzazi aliyekuwa akitokwa na damu baada ya kujifungua. Shangazi alipomsomea, mkunga aliinua mkono amkatize. "Hapana, mwanangu, sikusema nimemwokoa. Nilisema niliona damu haikatiki, nikajua hii si kazi yangu, nikaita gari tumwahishe hospitali. Andika hivyo." Ikaandikwa hivyo. Katika sentensi ile moja mlikuwa na ujuzi wote wa mkunga mzuri, ambaye anajua dalili ya hatari na anajua mwisho wa uwezo wake, na msomaji mjamzito aliyeisoma alipata jambo linaloweza kumfaa: kwamba damu isiyokatika baada ya kujifungua haisubiri. Toleo la mwandishi wetu lingempa mkunga sifa na kumnyima msomaji elimu hiyo.

Wenzangu hawa sasa wametawanyika. Mwalimu ametangulia mbele ya haki, na magazeti yake yaliyofungwa kwa kamba yamehifadhiwa na binti yake. Mzee wa kamera haoni vizuri, ila akisimuliwa picha anakumbuka ilipigwa wapi na jua lilikuwa upande gani. Dada bado anahariri vitabu vya watu wengine, na bado anafuta sifa. Kaka na Shangazi nawasiliana nao mara kwa mara, na kila tunapozungumza hatuchelewi kufika kwa wanawake tuliowaandika, yupi yuko wapi, nani wa kwao alionekana, nani amefariki.

Kinachonisumbua katika mazungumzo hayo ni kanda. Tulihoji kwa kinasa sauti cha kaseti, na kaseti nyingi zilisalimika jarida lilipofungwa kwa sababu kila mmoja alichukua za kwake nyumbani. Ukanda wa sumaku hauvumilii joto, unyevu wala ukungu. Sauti hufifia, ukanda hushikamana, na hata vinasa vya kuzichezea vimekuwa adimu. Kwa hiyo tumekubaliana kuzikusanya na kuzihamishia kwenye kompyuta, na ilipotubidi kuamua zipi zitangulie hatukubishana. Maathai, Ndereba na Bibi Titi wana vitabu, picha na hifadhi zao mahali pengi. Mkunga, fundi wa kuchomelea na wenzao hawana kitu kingine isipokuwa kaseti hizi na nakala chache za jarida zilizobaki, kwa hiyo tunaanza na wao. Shangazi anatafuta familia zao ili kila moja ipate sauti ya mtu wake, na Dada ametaka kila kanda iandikiwe jina la aliyehojiwa, kazi yake, mwezi wa mahojiano, na jina la mwenzetu aliyekuwa ameshika kinasa sauti.